Vidole vya Shemeji

Hivi wewe, umewahi kumwogesha mjusi? Simsemi yule wa darini anayekimbia taa ikiwashwa. Nasema mjusi wa kufugwa, mnene, mrefu kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, mwenye miiba laini chini ya kidevu inayotuna kama ndevu akikasirika. Maji yake yanapimwa kwa kiwiko, kama ya mtoto mchanga, na yasimfike mabegani. Unamweka ndani ya beseni, unamshika kifua kwa kiganja, unahesabu robo saa. Hapo usifikirie kupika wala kupokea simu, maana mjusi akivuta maji puani ni habari nyingine.

Mama Stoo alikuwa akifanya hivyo kila siku saa kumi na mbili jioni, akitoka kazini, kabla hata hajafungua kitambaa cha kichwa. Beseni lilikuwa la bluu, lina ufa ukingoni ambao aliuziba kwa nta ya mshumaa. Maji ya moto aliyatoa kwenye chupa ya chai, akayachanganya na ya bomba kidogo kidogo.

Mjusi mwenyewe alikuwa wa mwanawe. Mwana alipooa, mkewe alisema ndani ya nyumba atakaa yeye au atakaa mjusi, achague. Mwana akamleta kwa mama yake na sanduku la kioo na taa mbili, moja ya joto na moja ya mwanga kama wa jua, akasema, "Mama, ni wiki mbili tu." Sasa ulikuwa mwaka wa nne. Wakati ule Mama Stoo alikuwa mjane wa miezi tisa, na wifi yake, dada wa marehemu, alipoingia sebuleni akamkuta mgeni yuko juu ya jiwe chini ya taa, alishika kiuno.

"Ah! Kaka yangu hata mwaka hajamaliza ardhini, wewe umeshaleta mwingine! Tena huyu ana ndevu kumshinda."

"Huyu hakoromi," alisema Mama Stoo.

Kuanzia siku hiyo mjusi aliitwa Shemeji, na jina likamkaa.

Mjusi wa aina hii ana vidole ishirini, vitano kila mguu. Vya Shemeji vilikuwa vimenyooka vyote mpaka miezi minane iliyopita, kisha vikaanza kupinda, kimoja baada ya kingine. Na havikupinda kwa namna moja. Kimoja kililala juu ya mwenzake. Kingine kilijikunja chini kama ndoano. Kingine kilipoteza ukucha, kingine kikaota sugu upande. Mpaka Jumamosi hii ninayoisimulia, kumi na tisa vilikuwa vimeharibika, na kimoja, kidogo cha mguu wa nyuma wa kulia, kilikuwa kimenyooka kama sindano.

Asubuhi hiyo alimfunga kwenye kikapu cha soko, akamfunika kwa taulo lenye joto, akampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na wagonjwa wake wengi walikuwa kuku na mbuzi. Alimweka Shemeji mezani, akachukua kioo cha kukuzia, akavipitia vidole kimoja kimoja.

"Taa ya mwanga unabadilisha?"

"Kila miezi sita."

"Unga wa kalsiamu?"

"Namnyunyizia juu ya nyenje wake. Na juu ya mboga."

"Kuna mwenzake anayemng'ata?"

"Yuko peke yake, kama mimi."

"Anavaa viatu?"

"Havai."

"Basi kuna watu wanavaa kwa niaba yake," alisema daktari, akaandika kwenye kadi: *viatu vya kubana*. Kisha akashika kidole cha katikati cha mguu wa mbele wa kushoto. Kilikuwa kimelalia cha pili, na ngozi kuukuu iliyoshindwa kubanduka ilikuwa imekizunguka kama pete ya uzi. Ncha yake ilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyolala. "Hiki damu haifiki. Endelea kumloweka kila jioni robo saa, halafu hiyo ngozi uisugue kwa pamba, usiivute. Nitamwona Ijumaa. Nikiona damu imerudi, salama. Nisipoona, nakikata. Na mwenye nacho, popote alipo, ajiandae, maana chake hakitabaki."

Mama Stoo aliuliza kama kadi ina muhuri. Ilikuwa nao. Akarudi nyumbani.

Jioni hiyo wifi yake alikuja kunywa chai, kama Jumamosi zote. Alikuwa mpiga pasi pale pale Mama Stoo alipokuwa mtunza stoo, kwenye dobi la hospitali, ambako mashuka ya wodi zote yanafuliwa, yanakaushwa, yanapigwa pasi na kukunjwa. Aliingia akichechemea, akavuta stuli karibu na beseni, akamtazama Shemeji anavyoelea. Akaweka kikombe chini.

"Hiki ni changu," alisema.

Akavua kiatu cha kushoto, akavua soksi, akaweka mguu ukingoni mwa beseni. Kidole chake cha katikati kilikuwa kimelalia cha pili, kina alama ya pete, na ncha yake ina rangi ya chai. Waliviweka sambamba wakavitazama.

"Ndicho," alisema Mama Stoo.

"Na hiki kisicho na ukucha ni cha fundi mashine. Ulimng'oka Machi, mimi nilikuwepo." Akanywa chai. "Wifi, daktari kasema nini juu ya changu?"

Mama Stoo alimweleza yote, Ijumaa na mkasi. Wifi alivaa soksi taratibu.

"Mbona yeye mwenyewe haumii?"

"Anaumia. Hali nyenje siku ya tatu leo."

Habari za dobi hazilali njiani. Jumapili baada ya chakula cha mchana watu walianza kubisha hodi. Alikuja fundi mashine na mkewe, naye mfuaji wa pale pale. Alikuja mkunjaji wanayemwita Twiga kwa urefu wake, akainama mlangoni. Wakaja wafuaji, wasukuma matoroli, hata wale wawili wa chumba cha kuchambulia, ambao kwa kawaida hawaalikwi popote kwa sababu ya harufu. Kumi na tisa walienea sebuleni, kwenye viti, kwenye mkeka, kwenye ngazi ya jikoni. Walivua viatu, kila mmoja akatafuta chake. Hapakuwa na ugomvi, ila mara moja tu, watu wawili walipogombea kimoja chenye sugu, na ikaonekana sugu ya mmoja iko upande wa pili.

"Changu kizuri kuliko chako," Twiga alimwambia fundi mashine.

"Chako kimejikunja kama mtu anayekwepa salamu za mkwewe."

Wakacheka. Halafu Twiga, ambaye macho yake yanaona kutoka juu, akanyoosha kidole. "Na hiki kilichonyooka ni cha nani?"

Watu walitazamana miguu. Mama Stoo alikuwa anamimina chai, na jibu alikuwa amelitayarisha tangu asubuhi.

"Labda ni chake mwenyewe," alisema. "Na yeye si anahitaji kidole kimoja cha kwake?"

Wakacheka tena, wakakubali, chai ikapita. Wifi peke yake hakucheka.

Sasa hapa lazima nieleze habari ya mabuti. Sakafu ya dobi ina maji ya moto na sabuni kali kutwa nzima, na asiye na mabuti ya mpira haruhusiwi kuvuka mstari wa njano. Kila mwaka mabuti yanaagizwa kwa fomu. Fomu ina mstari wa aina, mstari wa idadi, na mstari wa namba ya mguu. Mstari mmoja tu. Mwaka jana meneja alimpa Mama Stoo aijaze kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri. Aliandika *mabuti ya mpira*, akaandika *20*, na kwenye namba akaandika *37*, ya mguu wake mwenyewe, akidhani inaanza na mjazaji na wengine wana ukurasa wa pili. Aligeuza karatasi, nyuma palikuwa peupe. Akauliza ukurasa wa pili uko wapi. Meneja alikuwa kwenye simu, akampungia mkono kuwa sawa, sawa, akaichukua. Maboksi yalipofunguliwa, jozi zote ishirini, na mbili za akiba alizoongeza muuzaji, zilikuwa thelathini na saba.

Siku ya kwanza hakusema kwa sababu watu walikuwa wanacheka na kumlaumu meneja. Siku ya pili hakusema kwa sababu siku ya kwanza hakusema. Baada ya hapo ikawa kama mfupa kooni: ukikaa sana, mtu anajifunza kumeza kwa kuuzunguka. Meneja alisema mpira unatanuka ukivaliwa. Akaanzisha karatasi ya kila mwisho wa mwezi, *Mabuti yanatosha*, na nafasi ya sahihi. Mwezi wa pili watu wawili waliandika *yanabana*. Ndio hao waliopelekwa chumba cha kuchambulia, wanakopokea mashuka kutoka wodini yakiwa na kila kilichomo. Mwezi wa tatu wote ishirini walisaini yanatosha. Karatasi hiyo ilizungushwa na Mama Stoo, kalamu mkononi, na yeye alisaini bila kudanganya.

Jumatatu alibisha kwa meneja. Ofisi iko upande mkavu, na meneja huvaa viatu vya ngozi laini visivyotoa sauti. Alimwonyesha kadi ya daktari yenye muhuri, akamweleza na mambo ya Jumapili. Meneja aliisoma mpaka mwisho.

"Mjusi huyu wako ana vidole vya wafanyakazi wangu."

"Ndiyo, bosi. Cha mpiga pasi ndicho kibaya. Naomba jozi moja ya arobaini, kabla ya Ijumaa."

"Sikatai kwamba ni vyao," alisema meneja. "Lakini nina karatasi za miezi sita hapa, kila mmoja kasaini yanatosha. Nikiagiza arobaini leo, nitakuwa nimesema watu wote hawa ni waongo. Unataka niwaite wenzako waongo?"

Alifungua droo, akatoa fomu ya mwaka jana, akaigeuza imwelekee. "Na huu mwandiko si wako, Mama?"

Mama Stoo aliutazama. Saba yake ina kikofia juu, alivyofundishwa shule ya msingi.

"Mimi na wewe ni watu wazima," alisema meneja, sauti yake ya upole kabisa. "Nimeiweka drooni kwa heshima yako. Ikienda ubaoni, watu wataanza kuuliza."

Mama Stoo akatoka, akafunga mlango taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Jioni ya Jumatatu aliloweka, akasugua kwa pamba. Jumanne aliloweka, akasugua. Pete ya ngozi ililainika upande mmoja, lakini ncha ilizidi kuwa nyeusi. Shemeji alifumba macho, ndevu zake zikawa nyeusi pia. Na wakati anamkausha, Mama Stoo alikitazama kile kidole kidogo kilichonyooka cha mguu wa nyuma, kinang'aa bila aibu. Alichukua uzi wa kushonea, akajifunga kidole chake kidogo cha mguu wa kulia kwa nguvu, akakipinda ndani, akakaa hivyo usiku kucha mpaka kikafa ganzi. Asubuhi chake kilikuwa kimevimba. Cha mjusi kilikuwa kimenyooka vilevile. Alifungua uzi akautupa, akavaa mabuti yake, yakamkaa vizuri.

Jumatano saa nne, wifi alikuja kwenye dirisha la stoo kuchukua wanga wa mashuka. Aliegemea ukingo kwa viwiko vyote viwili.

"Wifi, mguu unawaka moto. Tena sasa umeanza kunyamaza, na huko kunyamaza ndiko kunakonitisha."

"Meneja kakataa."

"Kakataaje?"

"Kasema mmesaini."

"Tumesaini kwa sababu ya kule kuchambua! Yeye hajui?" Akamtazama usoni. "Hakusema kingine?"

"Hakusema."

Wifi aliinua viwiko ukingoni. "Wewe kaka yangu alikuwa anasema, ukidanganya unapangusa meza hata kama ni safi."

Mama Stoo aliona kitambaa mkononi mwake. Akakiweka. Akafungua mlango mdogo wa stoo, akasema, "Ingia. Vua la kushoto."

Alichukua mkasi mkubwa wa kukatia nailoni, akalipasua buti kutoka ncha mpaka juu ya wayo, kama mtu anayepasua samaki. Mpira ulitoa sauti ya kukoroma. Wifi aliingiza mguu, vidole vikatokeza nje kama watu waliofika dirishani kutazama mvua.

"Daftarini utaandika nini?"

"Limechanika."

"Lenyewe?"

"Mpira una mambo yake."

Ijumaa daktari alikibonyeza kidole cha Shemeji, akaachia, akahesabu kimyakimya. Ncha ilikuwa nyeusi, lakini chini yake, polepole sana, wekundu ulipanda.

"Imerudi," alisema. "Kijincha kitaanguka, kama punje ya mchele, msishtuke. Kidole kitabaki. Ila mwenye nacho akirudi kwenye kiatu kile, mimi na mkasi wangu tupo."

Kijincha kilianguka Jumamosi wakati wa kuogeshwa. Cha wifi, ambaye siku hiyo hakuja chai ili apumzishe mguu, kilianguka saa hiyo hiyo kwake, akakiweka kwenye kiberiti kitupu. Shemeji alikula nyenje sita.

Jumapili walikuja tena wote, na hata nafasi za kukaa zilikuwa zile zile. Walikitazama kidole cha mpiga pasi kinavyopata rangi, kila mmoja akatazama chake, na hakuna aliyetaja mkasi, ingawa wote waliufikiria. Kisha Twiga akauliza lile swali lake, safari hii bila kucheka. "Hiki kilichonyooka, jamani. Mimi sidhani ni chake."

Miguu thelathini na minane ilikuwa mitupu sakafuni. Miwili ilikuwa ndani ya viatu vya kufunika, chini ya kiti.

"Wifi," alisema mpiga pasi, "mbona wewe mwenye nyumba ndiye hujavua?"

"Sakafu inanipa baridi."

Taa ya joto ilikuwa inalia kidogo, kama nyuki mmoja. Wifi alimsukumia kikombe. "Haya," alisema. "Chai itapoa."

Jumatatu ilikuwa mwisho wa mwezi. Meneja alikuja mwenyewe mpaka mstari wa njano, jambo ambalo halifanyi mara nyingi, akiwa na buti lililopasuliwa mkononi. Wafanyakazi walikuwa wamejipanga mbele ya dirisha la stoo kuchukua vifaa. Aliweka buti juu ya ukingo.

"Mali ya hospitali," alisema. "Mama, daftari linasemaje?"

"Limechanika."

Meneja alipitisha kidole pale lilipokatwa, pamenyooka kama mstari wa rula. "Limechanika. Mimi naamini daftari. Apewe jipya kutoka akiba."

Karatasi ya *Mabuti yanatosha* ilizunguka. Fundi mashine alisaini. Twiga alisaini, mabuti yake yakiwa yamemwishia kwenye kifundo. Wifi alisaini akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Karatasi iliporudi, meneja alitandaza fomu mpya ya mwaka, na kando yake akaiweka ile ya mwaka jana, imegeuzwa uso juu, ili yeyote mwenye macho aione.

"Jaza, Mama. Mwandiko wako ni mzuri."

Mstari ulikuwa mmoja. Mama Stoo aliandika aina. Aliandika idadi. Kwenye namba kalamu ilisimama. Akiandika arobaini, Twiga bado atabanwa, na yule mfuaji mdogo kuliko wote atateleza ndani ya mabuti kama kijiko ndani ya ndoo. Akaiweka kalamu chini.

Meneja hakukasirika. Aliitwaa, akaichungulia fomu ya zamani, akanakili *37*, hata kile kikofia juu ya saba, akaviweka vyote kwenye faili na kuondoka. Viatu vyake havikutoa sauti. Nyuma yake mashine zilianza kunguruma, na watu wakaanza kuvuka mstari wa njano, mmoja mmoja, wakikanyaga kwa visigino.

Mama Stoo alishusha boksi la akiba. Alitoa karatasi iliyosokotwa ndani ya buti la kushoto, akalisukuma dirishani. Wifi alilishika, akainama, akaanza kuingiza mguu wenye kidole kinachopona, taratibu, meno ameyauma.

"Wifi, usivae kwanza," alisema Mama Stoo. Alikuwa amevua mabuti yake na kutoka nje ya stoo, miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji, na alisema kwa nguvu ya kushinda mashine, mpaka Twiga na wa mbele yake wakageuka. "Ngojeni wote. Ile namba niliandika mimi. Thelathini na saba ni mguu wangu. Nilidhani kuna ukurasa wa pili. Nilitaka kuwaambia siku ile ile maboksi yalipofunguliwa, nikawaona mnacheka, nikaogopa. Kile kidole kilichonyooka ni changu mimi. Na mabuti hayatoshi. Hayajawahi kutosha."